Chemchemi Imepungua, Mto Umekauka, Kisima Kinavuta Hewa: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Chemchemi ikianza kupungua, watu hukimbilia jembe na sururu. Huchimba pale pale jichoni, wakiamini kwamba njia imeziba na ikifunguliwa maji yatarudi. Ni mara chache sana iwe hivyo. Mara nyingi wanaishia kutoboa tabaka la udongo wa mfinyanzi lililokuwa limeyabeba maji hadi juu, na yale machache yaliyobaki yanadidimia na kutokea kwingine, au yasitokee kabisa. Kwa hiyo kabla ya lolote, weka jembe chini. Dalili unaiona hapo ulipo, lakini kilichoisababisha huenda kiko kilomita kadhaa upande wa mlimani, na huenda kilianza miaka mingi iliyopita.

Mwongozo huu ni wa mtu yeyote anayetegemea maji yanayotoka ardhini: mkulima, fundi wa pampu, kamati ya maji, au jirani ambaye ameona kijito kimebadilika na anataka kujua kwa nini.

Unashughulika na kitu gani

Mvua inayopenya ardhini hujaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga na kokoto, au nyufa za mwamba. Tabaka linaloweza kushika maji na kuyapitisha huitwa akwifa. Si ziwa lililofichwa wala mto wa chini kwa chini, isipokuwa kwenye miamba ya chokaa, ambako maji yametafuna mwamba hadi yakaacha mapango na mifereji. Katika mchanga wa kawaida maji hutembea sentimita chache hadi mita chache kwa siku. Pale ardhi inapokatana na usawa wa maji hayo ndipo chemchemi inapozaliwa. Mto nao, sakafu yake ikiwa chini ya usawa huo, hupokea maji kingoni na chini yake bila mtu kuona yakiingia. Ndiyo sababu mto unaweza kuendelea kutiririka miezi mitatu baada ya mvua ya mwisho.

Fikiria pipa lililojaa maji, lenye tundu karibu na ukingo wa juu. Maji yakishuka kidogo tu chini ya tundu, tundu linakauka, ilhali pipa bado limejaa. Chemchemi ndiyo hilo tundu. Mwaka 1956, katika ukame mkali wa Texas, chemchemi za Comal zilikauka kwa miezi kadhaa, huku visima vya mji wa San Antonio vinavyochota kwenye akwifa hiyo hiyo ya Edwards vikiendelea kutoa maji. Mtu aliyesimama kisimani angeapa kwamba hakuna tatizo. Ukimsikia mtu akisema, "Maji chini yamejaa tele, kwa hiyo chemchemi haikukauka kwa sababu ya visima," ujue hajaelewa tundu liko wapi.

Jambo la pili la kushika ni hili, na mtaalamu wa Marekani C. V. Theis alilieleza wazi mwaka 1940. Kabla visima havijachimbwa, kinachoingia ardhini na kinachotoka vinakaribia kulingana. Kila lita inayovutwa na pampu lazima itoke mahali fulani: ama akiba ya akwifa inapungua, ama maji yaliyokuwa yanakwenda mtoni na kwenye chemchemi yanapungua, ama maji mengi zaidi yanaingia kutoka juu. Hakuna njia ya nne. Ukikwama katika utafutaji wako, rudi kwenye mambo hayo matatu.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kumlaumu mtu

Bila namba mtabishana hadi kesho. Mzee atasema chemchemi ilikuwa na nguvu enzi zake, kijana atasema iko vile vile, na wote wawili watakuwa wanasema kwa kukumbuka.

Chemchemi ndogo ipime kwa ndoo na saa. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, una nusu lita kwa sekunde. Rudia mara tatu, chukua wastani, andika tarehe. Chemchemi kubwa au kijito kiwekee ubao uliokatwa pembe ya V yenye nyuzi 90, uliozibwa vizuri pembeni ili maji yote yapite kwenye pembe. Kimo cha maji ukipime nyuma kidogo ya ubao, si pale pale yanapomwagika, kwa kuwa hapo uso wa maji umekwisha kuinama. Kimo cha sentimita 10 ni takriban lita 4.4 kwa sekunde. Cha sentimita 5 ni takriban lita 0.8. Zingatia tofauti hiyo: kimo kimepungua nusu, lakini maji yamepungua zaidi ya mara tano. Wengi wanaokadiria kwa macho hudanganyika hapo, na ndiyo maana huchelewa kushtuka.

Kisima kipime kwa kamba yenye uzito mwishoni, kila mara kuanzia alama ile ile ya mdomo wa kisima, alfajiri kabla pampu yoyote haijawashwa. Usihangaike na tofauti ya sentimita chache kati ya jana na leo. Kisima kilichofunikwa na tabaka gumu hupanda na kushuka hata kwa mabadiliko ya shinikizo la hewa. Unachotafuta ni mwelekeo wa miezi.

Ongeza kipimajoto, na ukiweza, kile kifaa kidogo kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho kinakuonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Chemchemi ambayo joto lake halibadiliki mwaka mzima inalishwa na maji yaliyokaa ardhini muda mrefu. Ile inayopoa na kupata joto pamoja na majira inalishwa na maji ya karibu, na itaumia haraka zaidi, kwa ukame na kwa uchafu pia.

Dalili: chemchemi inapungua mwaka hadi mwaka

Hii ndiyo dalili inayokuja kwa wingi zaidi na ndiyo yenye visababishi vingi, hivyo ipe muda.

Anza na lililo rahisi kuliondoa. Kama chemchemi imejengewa kisanduku cha zege, fungua uangalie. Mizizi huingia na kuziba bomba, mchanga hujaa, na kwenye maeneo ya chokaa bomba huota ukoko mweupe ndani mpaka linabaki na upenyo wa kidole. Angalia pia bomba la kutolea maji limewekwa juu kiasi gani. Likiwa juu kuliko jicho la asili, kisanduku kinayasukuma maji nyuma, na maji yakisukumwa nyuma hutafuta njia nyingine. Zunguka upande wa chini na pembeni ukitafuta sehemu mpya zenye unyevu, majani mabichi wakati kwingine yamekauka, au udongo unaodidimia ukikanyaga. Ukizipata, maji hayajapungua, yamehama. Dawa yake ni kushusha bomba, wala si kuongeza zege.

Kama kisanduku kiko sawa, jiulize kuhusu mvua. Mwaka mmoja hautoshi. Chemchemi ya akwifa kubwa hujibu mvua za miaka kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo inaweza kuendelea kushuka katika mwaka wa mvua nzuri kwa sababu miaka mitatu ya nyuma ilikuwa mibaya. Linganisha na chemchemi za jirani zinazotoka kwenye mwamba wa aina ile ile. Zikishuka zote kwa pamoja, na eneo zima halina visima vingi, shuku mvua kwanza. Ikishuka moja peke yake, shuku kitu cha karibu nayo.

Sasa tuje kwenye pampu. Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakina gharama, ila uvumilivu: pima chemchemi kila saa kwa saa 24, wakati wa kiangazi. Maji yakiwa na mdundo, mdundo huo utakusimulia. Ukiona yanashuka mchana na kupanda usiku, kuna washukiwa wawili, yaani pampu na miti, na unawatenganisha hivi. Miti hufuata jua: upungufu huwa mkubwa kuanzia mchana hadi jioni, na siku ya mawingu mazito karibu hauonekani. Pampu hufuata ratiba ya watu: upungufu unaanza muda fulani baada ya pampu kuwashwa, mawingu yawepo yasiwepo, na siku ya mapumziko hautokei. Kama unaweza kuwaomba wenye kisima wazime kwa siku mbili tatu huku wewe ukipima, umepata ushahidi ambao hakuna mkutano utakaoupinga kirahisi.

Mdundo wa mwaka nao husema. Comanche Springs, huko Fort Stockton katika jimbo la Texas, zilikuwa zikimwagilia mashamba kwa vizazi kabla visima virefu vya umwagiliaji havijachimbwa magharibi yake. Wakulima waliotegemea chemchemi walikwenda mahakamani na kushindwa mwaka 1954. Baada ya hapo chemchemi zikakauka. Lakini katika miaka ya baadaye maji yameonekana tena nyakati za majira ya baridi, pampu za mashambani zinapokuwa zimepumzika. Chemchemi inayorudi msimu wa kutomwagilia na kupotea msimu wa kumwagilia imekwisha kumtaja mhusika.

Usikate tamaa kama hakuna mdundo wowote. Kisima kilicho mbali hakiachi mdundo wa siku. Athari yake hufika imelainika, ikiwa ni mteremko wa polepole tu usio na kupanda wala kushuka. Hapo ndipo unapohitaji orodha ya visima vyote vilivyochimbwa upande wa juu, mwaka kilipochimbwa kila kimoja na kiasi kinachovutwa, ulinganishe na mwaka chemchemi ilipoanza kushuka.

Mshukiwa wa mwisho ni eneo ambako mvua inapenyea. Lipandie, ulione kwa macho yako. Ardhi iliyosakafiwa, iliyokanyagwa na mifugo mpaka ikawa ngumu, au iliyolimwa bila makinga maji humwaga mvua mtoni kwa saa chache badala ya kuinywa. Alama yake kwenye chemchemi ni kwamba kilele cha baada ya mvua kinazidi kuwa kidogo kila mwaka, huku mafuriko ya bondeni yakizidi. Kuhusu miti, watu hugawanyika pande mbili na kila upande una ukweli wake. Miti inayokua haraka, kama mikaratusi na misonobari, hunywa sana. Majaribio ya muda mrefu ya Jonkershoek, Afrika Kusini, yalionyesha vijito vikipungua kadiri misonobari iliyopandwa kwenye mabonde yake ilivyokua. Lakini ukifyeka msitu wa asili na kuiacha ardhi wazi, udongo unafunga na kupenya kunapungua. Rai yangu: ondoa miti yenye kiu kubwa iliyo karibu na jicho la maji, acha uoto wa asili, na usikubali mtu akwambie kwamba kupanda mti wowote mahali popote kunaongeza maji.

Dalili: chemchemi imekauka ghafla

Ikiwa ndani ya siku au wiki chemchemi yenye afya imekatika, ukame si jibu. Uliza kuhusu uchimbaji: machimbo ya mawe yaliyoshuka chini ya usawa wa maji, mtaro mrefu, msingi wa jengo kubwa, handaki. Handaki hukamua mwamba kutoka chini. Katika miaka ya 1990, handaki la reli la Romeriksporten lilipokuwa likichimbwa karibu na Oslo, nchini Norwei, ziwa dogo la Puttjern lililo msituni juu yake lilishuka maji kwa sababu yalikuwa yakivujia chini. Pale ilibidi nyufa za handaki zizibwe kwa kusukumia saruji. Uliza pia kama kulikuwa na tetemeko la ardhi, ambalo linaweza kufunga nyufa au kufungua nyingine. Baada ya tetemeko la Loma Prieta, California, mwaka 1989, vijito vingi viliongezeka maji badala ya kupungua. Kwenye chokaa, pango linaweza kuporomoka na maji yakageukia njia nyingine. Hapo tembea, tafuta yanapotokea sasa.

Dalili: mto unakauka kiangazi ingawa mvua ilikuwa ya kawaida

Maji ya mto wakati wa kiangazi karibu yote ni maji ya ardhini. Kwa hiyo swali si "mvua imekwenda wapi" bali "akwifa imeacha wapi kuulisha mto?"

Gawanya mto vipande. Siku moja, asubuhi mapema kabla watu hawajaanza kuchota, pima mtiririko sehemu ya juu na sehemu ya chini ya kila kipande. Njia ya kuelea inatosha: chagua mita 10 zilizonyooka, pima upana na wastani wa kina, rusha kijiti katikati, hesabu sekunde. Zidisha upana kwa kina kwa kasi, kisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Ondoa vijito vinavyoingia, ongeza mifereji inayotoka. Kipande ambacho maji yanaongezeka kinalishwa na akwifa. Kipande ambacho yanapungua kinanyonywa. Mahali mto unapogeuka kutoka kulishwa hadi kunyonywa ndipo pa kuanzia uchunguzi, na pakisogea kuelekea juu mwaka hadi mwaka, usawa wa maji unashuka chini ya bonde zima.

Si kila kunyonywa ni ugonjwa. Mito ya mchanga hupitisha maji chini ya mchanga na kuyatoa tena mbele. Na mto Danube, karibu na Immendingen nchini Ujerumani, hupotelea kwenye chokaa hadi sakafu yake ikabaki kavu siku nyingi za mwaka. Mwaka 1877 Adolf Knop alimwaga humo chumvi na rangi ya kijani inayong'aa, na baada ya saa 60 hivi maji ya chemchemi ya Aach, kilomita 12 kutoka hapo, yakageuka kijani. Watu wa pande zote mbili walikuwa wakishuku. Sasa wakawa wamejua maji ya nani yanakwenda wapi.

Kama kunyonywa ni kwa siku hizi tu, hesabu visima vilivyo kando ya mto, na hapa usidanganywe na muda. Muda ambao kisima kinachukua hadi kuanza kuumiza mto huongezeka kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, muda unakuwa mara nne. Athari iliyochukua siku 10 kutoka mita 100 itachukua siku 1,000, karibu miaka mitatu, kutoka kilomita moja kwenye ardhi ya aina ile ile. Mwenye kisima cha kilomita moja atakwambia kwa moyo safi kwamba amevuta mwaka mzima na mto haukubadilika. Anasema kweli, na bado kisima chake kitaufikia. Huko La Mancha, Hispania, visima vya umwagiliaji viliongezeka hadi chemchemi za Ojos del Guadiana zikakauka katika miaka ya 1980, na mwaka 2009 ardhi oevu ya Tablas de Daimiel ilikuwa imekauka kiasi kwamba mboji ya chini ya ardhi ilishika moto na kufukuta.

Dalili: chemchemi au kisima kinatoa tope baada ya mvua

Hapa acha udadisi, shughulikia afya kwanza. Maji ambayo kwa kawaida ni maangavu yakichafuka saa chache baada ya mvua, maana yake maji ya juu yanaingia bila kuchujwa, na yanaleta kila kilicho juu, pamoja na kinyesi. Chemsha au tia dawa maji yote ya kunywa mpaka yapimwe. Mwezi Mei 2000, katika mji wa Walkerton, Ontario, Kanada, mvua kubwa iliingiza samadi kwenye kisima kifupi cha mji. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 wakaugua.

Kisha tafuta njia ya uchafu. Angalia saa: tope linalokuja baada ya saa mbili tatu linatoka karibu, pengine mdomo wa kisima uliopasuka au mtaro usiokinga maji juu ya jicho. Tope linalokuja baada ya siku moja au mbili, kwenye eneo la chokaa, linatoka kwenye shimo lililo mbali ambako kijito kinazama. Lifuate ujue nani anatupa nini humo. Kipimo cha chumvi husaidia sana. Mtiririko ukipanda na chumvi ikashuka kwa pamoja, mvua mpya imefika jichoni moja kwa moja. Mtiririko ukipanda na chumvi ikabaki pale pale, mvua imesukuma tu maji ya zamani yatoke, na hiyo ni habari njema.

Kama maji ni meupe kama maziwa, yamimine kwenye glasi na uangalie kwa dakika mbili. Yakianza kuwa maangavu kutoka chini kwenda juu, ni viputo vya hewa, hayana ubaya. Yakiwa maangavu kutoka juu kwenda chini, ni udongo unaotuama.

Dalili: kisima kinavuta hewa au kinatoa kidogo

Watu hukimbilia kuongeza kina, na wachimbaji hawatawakatalia. Kwanza tenga mambo matatu: pampu, kisima chenyewe, na akwifa. Unahitaji namba za zamani, zile zilizoandikwa kisima kilipokabidhiwa: usawa wa maji kikiwa kimetulia, usawa wakati pampu inavuta, na lita kwa sekunde.

Tuseme zamani maji yalitulia mita 12 chini ya mdomo wa kisima, yakishuka hadi mita 16 pampu ikivuta lita 2 kwa sekunde. Yaani kila mita ya kushuka ilikupa nusu lita. Leo ukikuta yametulia mita 12 ile ile, yanashuka mita moja tu, na unapata nusu lita, kisima kiko salama: kila mita bado inakupa nusu lita. Anayedhoofika ni pampu, au bomba la kupandishia limetoboka. Ukikuta yametulia mita 12 lakini yanashuka mita 8 kwa lita moja tu kwa sekunde, kisima kimeziba: chujio limeota ukoko, kutu au ute wa bakteria wa chuma. Hicho kinasafishwa kwa kusukasuka maji, brashi na dawa, hakichimbwi upya. Na ukikuta yametulia mita 19, basi akwifa imeshuka, na hilo halimalizwi na fundi mmoja. Kushusha pampu kutakupa nafuu ya muda, huku ukimlazimisha jirani mwenye kisima kifupi naye ashushe yake. Visima viwili vilivyo karibu huvutana, kwa hiyo kabla ya kuhukumu pima chako wakati cha jirani kimezimwa.

Usiiache pampu ikivuta hewa kwa siku kadhaa ukisubiri fundi, itaungua.

Dalili: ladha, harufu au rangi imebadilika

Maji yakitoka maangavu na baada ya kukaa kwenye ndoo yakageuka kahawia, ni chuma kilichoyeyuka ambacho kimekutana na hewa. Yapitishe hewani kwa kuyamwaga kutoka juu, yatuame, kisha uyachuje kwa mchanga. Harufu ya yai bovu hutokana na gesi ya salfa. Ikiwa kwenye maji ya moto tu, lawama ni ya tangi la kuchemshia. Ute wa rangi ya kutu kwenye tangi ni bakteria wa chuma.

Chumvi inayoongezeka kisimani karibu na bahari ni jambo la haraka. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya yale ya bahari, na kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 chini yake. Hesabu hiyo inafanya kazi na kinyume chake: ukishusha usawa kwa mita moja, maji ya chumvi yana nafasi ya kupanda mita 40. Punguza kuvuta mara moja, gawanya uvutaji kwa visima vifupi vingi badala ya kimoja kirefu, na usichimbe zaidi, kwa kuwa chini ndiko chumvi iliko.

Vinavyonitia hofu zaidi ni vile visivyo na rangi, ladha wala harufu. Naitreti hutoka kwenye mbolea na vyoo, na Shirika la Afya Duniani limeiwekea ukomo wa miligramu 50 kwa lita. Ni hatari hasa kwa watoto wachanga. Floridi, ukomo miligramu 1.5, na aseniki, ukomo miligramu 0.01, hutoka kwenye miamba yenyewe, hivyo kisima kipya kilichojengwa vizuri kabisa kinaweza kuwa nazo. Kuchemsha hakuziondoi hata moja. Maji yanapopungua kwa mvuke, zinakolea. Peleka sampuli maabara kabla kisima hakijaanza kutumika.

Dalili: maji yanapanda, au ardhi inazama

Vyoo vya shimo vinavyojaa na misingi inayolowa bila mvua ni dalili za usawa unaopanda. Tafuta mabomba yanayovuja, umwagiliaji uliozidi, au visima vikubwa vilivyofungwa. London iliona hilo: viwanda vilipopunguza kuvuta, maji yaliyo chini ya mji yakaanza kupanda tangu miaka ya 1960.

Ardhi ikizama na mdomo wa kisima ukabaki umechomoza juu, tabaka za mfinyanzi zinabanwa kwa kukamuliwa maji. Katika San Joaquin Valley, California, sehemu moja ilizama takriban mita 9 kati ya 1925 na 1977. Nafasi iliyobanwa hivyo haijazi tena, hata mvua zikirudi. Hapo hakuna tiba isipokuwa kupunguza kuvuta.

Ukishapata chanzo na kurekebisha

Usitegemee maji yarudi wiki hiyo. Kisima cha mbali kilichozimwa leo kimeacha shimo katika usawa wa maji ya ardhini, linaloendelea kujazwa kwa kunyonya mto, na mto unaweza kuendelea kupungua miezi au miaka kabla haujaanza kupona. Waambieni watu hilo mapema, hadharani, la sivyo baada ya kiangazi kimoja watasema mpango umeshindwa na pampu zitawashwa tena. Pimeni mahali pale pale, kwa njia ile ile, na mlinganishe mwezi na mwezi huo huo wa mwaka uliopita, kamwe si mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi. Kwenye chemchemi, namba ya kutazama ni ile ya mwisho wa kiangazi, siku chache kabla ya mvua kuanza. Hiyo ikiacha kushuka, hata kama bado haijapanda, mmeshika chanzo chenyewe.